Chupa yenye kiungo kimoja: je, Molecule 01 ni manukato?

Mara ya kwanza kujipulizia Molecule 01 nilidhani chupa imekwisha nguvu. Nilinusa kifundo cha mkono nikasikia spiriti, kisha harufu kama ya penseli iliyochongwa sasa hivi, kisha nikawa sisikii kitu. Nikaendelea na shughuli zangu. Baada ya kama nusu saa dada yangu akapita nyuma ya kiti, akarudi hatua mbili, akauliza, "Umejitia nini leo?" Nikainusa tena mikono yote miwili. Yeye anaisikia, mimi siisikii.

Kampuni iliyotoa chupa hiyo inaitwa Escentric Molecules, na aliyeianzisha ni Geza Schoen, Mjerumani aliyefanya kazi zaidi ya miaka kumi katika kampuni kubwa ya manukato ya Haarmann & Reimer kabla ya kujitegemea. Mwaka 2006 alitoa chupa mbili kwa pamoja. Escentric 01 ina asilimia 65 ya kiungo kiitwacho Iso E Super, kilichochanganywa na ndimu, ubani na vingine. Molecule 01 ina Iso E Super peke yake ndani ya spiriti. Hakuna ua, hakuna miski, hakuna chochote kingine.

Iso E Super haipatikani kwenye mti wowote. Iliundwa katika maabara za IFF, kampuni ya Marekani ya viungo vya manukato, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Harufu yake iko karibu na mbao kavu za mwerezi, na tangu hapo imetiwa katika manukato yasiyohesabika. Fahrenheit ya Dior, iliyotoka mwaka 1988, inasemekana ina takriban robo yake. Kazi yake ilikuwa kujaza na kulainisha, kama tui kwenye mchuzi wa samaki. Mlaji husifu samaki, hasifu tui. Schoen alilitia tui bakulini peke yake akalileta mezani.

Wanaompinga, wanaosema chupa hii si manukato, wana hoja nzito, na sioni haki kuzipuuza. Kazi ya mtengeneza manukato ni kuchanganya. Anachagua kitakachotangulia puani na kitakachofuata, anapima, anakosea, anaanza upya, pengine mara mia. Hapa hakuna kilichopimwa ila kiasi cha spiriti. Tena Iso E Super ni miongoni mwa malighafi za bei nafuu, na mtu yeyote anaweza kuinunua kwa wauzaji wa viungo vya manukato, ilhali chupa yenyewe inauzwa kwa bei ya manukato ya kifahari. Mteja analipia wazo, jina na chupa.

Liko na lingine ambalo mashabiki hawapendi kulisikia. Neno "Molecule" kwenye jina, yaani molekuli moja, si sahihi kikemia. Iso E Super inayouzwa madukani ni mchanganyiko wa isoma, yaani molekuli zenye atomi zilezile zilizopangwa tofauti. Ile iliyo nyingi zaidi harufu yake ni hafifu, na kinachonukia hasa ni sehemu ndogo iliyojificha ndani ya mchanganyiko. Kampuni ingefaa iliseme hilo waziwazi.

Lakini hoja inayorudiwa kuliko zote, kwamba kitu cha maabara si manukato ya kweli, hiyo siikubali hata kidogo. Manukato ya kisasa ya Ufaransa yalianza na maabara. Fougère Royale ya mwaka 1882 ilitumia kumarini, yenye harufu kama ya nyasi kavu, iliyotengenezwa na wanakemia, na Jicky ya Guerlain ya mwaka 1889 ikatumia vanilini, kiini cha harufu ya vanila. Kwa miaka mingi vanilini hiyo ilitengenezwa kutokana na eugenoli, ambayo ndiyo kiini cha harufu ya karafuu. Kwa hiyo mpaka kati ya shamba na maabara haujawahi kuwa ukuta.

Na karafuu inanipa jambo jingine la kufikiria. Sehemu kubwa ya mafuta yake, mara nyingi zaidi ya asilimia 70, ni eugenoli hiyohiyo. Anayeanika karafuu jamvini kule Pemba anaanika kitu ambacho harufu yake inakaribia kuwa ya molekuli moja, na hakuna atakayemwambia kwamba hainukii. Ila pia hakuna bibi harusi anayepakwa mafuta ya karafuu matupu. Karafuu husagwa ikaingia kwenye singo pamoja na liwa, mawaridi, asmini na mlangilangi, ikarowekwa kwa marashi. Kungwi anajua karafuu peke yake inachoma ngozi na inachosha pua. Anaitia kwa kipimo ili vingine vipate pa kuegemea.

Hapo ndipo mimi naiona Molecule 01 ilipo. Ni kiungo. Ni kiungo kizuri sana, kilichochaguliwa na mtu mwenye pua kali, na kuchagua nako ni kazi. Watengeneza manukato walikuwa nacho kwa zaidi ya miaka thelathini wakikiona cha kujazia tu. Ilihitaji mtu mmoja asimame aseme hiki nacho kina uzuri wake, kisikilizeni. Schoen husimulia kwamba alivutiwa nacho tangu miaka ya 1990, na kwamba rafiki yake alipojipaka wakaenda baa, haukupita muda mwanamke akaja kuuliza nani ananukia vile. Sishangai. Dada yangu aliuliza vilevile. Mwenye kujipaka huizoea haraka pua ikaacha kuisikia, inapotea na kurudi, na wako watu wasioisikia kabisa. Ni sifa ya kiungo chenyewe, nami naona ina utamu wake: unanukia kwa ajili ya aliye karibu nawe.

Schoen hakuishia hapo. Molecule 02 ya mwaka 2008 ni Ambroxan, na hiyo kwa mtu wa mwambao ina uzito wa pekee. Ambroxan ni moja ya molekuli zinazoipa ambari harufu yake, ile ambari ya nyangumi iliyokuwa ikiokotwa ufukweni. Al-Masudi, mwanahistoria Mwarabu aliyesafiri pande hizi katika karne ya 10, aliandika kwamba ambari bora hupatikana katika bahari ya Zanj. Leo Ambroxan hutengenezwa kwa kawaida kutokana na kiini cha mmea wa jamii ya salvia, bila kumgusa nyangumi. Niliponusa chupa hiyo nilisikia chumvi, joto la ngozi, utamu wa mbali. Ila ambari halisi ina pia uvundo wa bahari, tumbaku, kidogo zizi. Molekuli moja imebeba uzuri ikauacha uhai. Hapa wapinzani wa Schoen wananishinda kabisa.

Kwa hiyo Molecule 01 siiiti ulaghai, wala siiiti manukato yaliyokamilika. Anayeinunua ili imtoshe peke yake atapata kitu cha kupendeza na chembamba, na amelipa zaidi ya thamani yake. Anayejua kuchanganya anapata kitu tofauti. Na huku kwetu kuchanganya hakujawahi kuachiwa mwenye duka. Tunanunua halud, yaani mafuta ya udi, mbali, miski mbali, udi wa kufukiza mbali, na kila nyumba ina mkono wake. Harufu ya mtu hukamilika chumbani kwake, juu ya chetezo.

Ijumaa iliyopita dada alifukiza kanga zake, akajipaka halud nyuma ya masikio kama kawaida yake, kisha akapulizia Molecule 01 juu yake. Nilikaa naye karibu makusudi. Ule ukali wa halud wa dakika za mwanzo, unaowafanya wengine wageuze uso, ulikuwa umetulia. Mti ulibaki, mrefu na mkavu, na moshi ukapanda nao. Kanga aliitundika nyuma ya mlango usiku ule. Asubuhi nilipoufungua mlango, ilikuwa bado inanukia.