Kanzu ya shemeji na pikapu isiyojulikana kwao

Shemeji yangu ana ugonjwa wa magari ya kizamani, na hapa Houston ugonjwa huo hauponi maana wikendi kila uwanja wa kuegesha magari una mzee kafungua boneti anasubiri wa kumsimulia. Safari hii kanunua pikapu, Dodge ya 1978, nyeusi tii, maandishi ya dhahabu mlangoni, mbao pembeni mwa bodi, ekzosi mbili zimesimama wima nyuma ya kabini. Aliyemuuzia kamwambia hii ni Midnite Express, imetoka hivihivi kiwandani, na hazipo tena.

Sasa kesi ipo hapo kwenye "kiwandani".

Maana kuna ndugu yake mwekundu, Li'l Red Express, huyo ukoo wake unajulikana, 1978 zilitoka 2,188 na mwaka uliofuata 5,118, V8 ya lita 5.9, na ujanja wa Dodge ulikuwa hivi, magari madogo yalishalazimishwa kufungwa masega ya kuchuja moshi lakini sheria ya wakati ule ilizisamehe pikapu zenye uzito, pamoja na mzigo wake, wa zaidi ya pauni 6,000, basi jamaa wakapenyea hapohapo, gari la kubebea majani ya ng'ombe likawa linakimbizana na magari ya spoti. Hii nyeusi ina injini kubwa zaidi, 440, yaani lita 7.2, hadi hapo watu wanaelewana. Ila nani aliivalisha? Huyu anakwambia kiwanda, yule anakwambia ni wauza magari tu walichukua pikapu nyeusi wakaipachika stika na ekzosi ndefu, na zilikuwa ngapi ndo usiulize kabisa. Ukiuliza watu watatu unapata majibu manne na mmoja ananuna.

Jumamosi hiyo tunatoka kwenye nikahi, shemeji kapiga kanzu yake nyeupe, mpya, ile ya dada yangu aliyoagiza Zanzibar, mara akasema shem tupite kidogo pale kwa wazee tuwaoneshe. Kidogo yake naijua lakini nilikuwa nimeshiba pilau, sikubisha.

Kufika tu, wazee wawili wa Kizungu wakaanza. Wa kwanza kachuchumaa anaangalia mbao, anasema hii ya kiwandani, namwona Mungu. Wa pili hata hajashuka kwenye kiti chake cha kukunja, anasema ya dukani hiyo. Wakafungua boneti kutafuta kile kibati kinachoorodhesha gari lilitoka na nini na nini, kibati hamna, matundu tu ya skrubu yanatuangalia. Ikabaki karatasi ya kiwandani, kwenye magari ya zamani mara nyingine unaikuta imesahauliwa ndani ya kiti, basi shemeji akajitosa kichwa chini ya siti, makalio nje, kanzu inapepea, sisi wote tumeinama tunasubiri historia.

"Nimeipata!" Akatoka na kiota cha panya.

Wallahi karatasi ilikuwepo. Imetafunwa vipande vipande vyembamba, imechanganywa na sponji ya kiti, kipande kimoja unasoma "8", kingine una nusu ya herufi ambayo mzee wa kwanza kasema ni D na wa pili kasema ni O. Na mwenye nyumba alikuwemo! Panya akatoka kupitia mkono wa kanzu, shemeji akaruka kinyumenyume, mgongo ukaenda kuegemea ekzosi. Na tulikuwa tumetoka barabarani sasa hivi, chuma bado kinaunguza.

Mtu mzima alipiga ukelele ambao kwenye nikahi wangeuhesabu kigelegele.

Ngozi ilipona, alivaa shati la ndani zito alhamdulillah. Kanzu ndo haikupona. Lile bati la matundu linalozunguka ekzosi lilijichapa mgongoni lote, kahawia kama pasi iliyosahauliwa, na katikati yake vimebaki viduara vyeupe vimejipanga mistari. Mimi nacheka nimekaa chini kabisa. Yule mzee aliyekuwa hashuki kwenye kiti sasa ndo kashuka, akavaa miwani, akamwambia shemeji simama hivyohivyo usigeuke. Akatoa tepu. Anampima mgongo! Akaenda nayo mpaka kwenye Li'l Red iliyoegeshwa upande wa pili, akarudi, akasema matundu yanalingana, hili bati ni la Dodge wenyewe.

Shemeji akarusha ngumi juu. Mzee akamalizia, "Sasa limezaliwa na hii gari au limeng'olewa kwenye nyekundu?" Wakaanza upya.

Nyumbani dada alitaka kuitupa kanzu, shemeji akaweka mwili mbele, anasema ndo hati pekee aliyonayo, hakuna kufua. Ameikunja kwenye mfuko wa nailoni, ipo kwenye droo ya dashibodi pamoja na kile kiota. Wiki hii kuna mnunuzi kaja, kaizunguka gari vizuri, kasikiliza kisa chote bila kucheka, akaangalia mgongo wa kanzu kwenye mwanga muda mrefu sana, kisha akauliza kwa heshima kabisa, hiyo bei ni pamoja na kanzu au bila kanzu?