Msianze Kumhukumu Halla Kwenye Maporomoko

Juzi rafiki yangu, msomaji mzuri kabisa wa tamthilia, aliapa kwamba hataki tena kusikia habari za Fjalla-Eyvindur, tamthilia ya Iceland. "Mama anamtupa mwanawe kwenye maporomoko ya maji, halafu mnaniambia ni kisa cha mapenzi!" Maneno hayo yameniuma, maana nusu yake ni kweli. Si kisa cha mapenzi. Ni tamthilia ya njaa, na sisi tunaoipenda ndio tunaoisimulia vibaya.

Tuanzie mwanzo. Jóhann Sigurjónsson, ambaye tamthilia yake hii ilipanda jukwaani Reykjavík mwaka 1911, aliwachukua watu waliokuwepo kweli: Eyvindur na Halla, waliokimbilia nyika za ndani za Iceland katika karne ya 18. Kwenye tamthilia, Halla ni mjane mwenye shamba, watumishi na heshima. Anampenda mfanyakazi wake anayejiita Kári, ambaye kumbe ndiye Eyvindur. Shemeji yake Björn anataka kumwoa, na ndiye anayemwandama Kári mpaka inajulikana kwamba ni mwizi mtoro.

Aliiba nini? Kondoo. Kwao watu walikuwa wanakufa njaa, akaenda kwa kasisi kuomba msaada, akanyimwa.

Nakubali, shingo upande, kwamba katika nchi ile kondoo alikuwa uhai wa mtu. Volkano ya Laki ilipolipuka mwaka 1783, mifugo iliangamia, na njaa iliyofuata ilisaidia kumaliza takriban mtu mmoja kati ya kila watano. Asiye na ardhi alifungwa na sheria kumtumikia mwenye shamba mwaka mzima mzima. Lakini basi hapo ndipo pa kuanza kuhukumu! Aliyenyima chakula alilala nyumbani kwake. Aliyeomba alikimbilia milimani, na mwanamke aliyempenda akamfuata. Wanaowawinda wanapowafikia, Halla anamtupa binti yao mdogo, Tóta, majini. Simtetei. Nasema tu hakufika pale peke yake.

Lugha ya tamthilia hii ni ya kishairi mno mahali pengine, hilo nalo kweli.

Ila someni sehemu ya mwisho. Kibanda, tufani ya theluji, hakuna chakula. Watu wawili walioacha kila kitu kwa ajili ya mwenzake wanarushiana maneno mpaka wanayakana mapenzi yenyewe. Halla anatoka, anaingia kwenye theluji. Sijasoma popote njaa ikionyeshwa hivi, ikila kwanza mwili, halafu huruma, halafu kumbukumbu za siku njema.

Na kabla ya maporomoko kuna ule wimbo wa kumbembeleza Tóta, ambao akina mama wa Iceland bado wanawaimbia watoto wao hadi leo. Lala, mpenzi wangu mdogo, nje mvua inalia. Mama anakutunzia dhahabu yako. Dhahabu yenyewe ni mifupa ya kondoo, kwa sababu ndiyo waliyochezea watoto wa mashambani huko.