Hesabuni na maji pia

Mkanda ukikauka, Faza huwa mbali kuliko Nairobi. Analijua hili kila aliyewahi kupanda boti ya abiria kutoka Amu, mji wa Lamu, kwenda Faza kisiwani Pate, saa zisizo zake. Mnafika Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari baina ya kisiwa cha Manda na bara, nahodha anazima mashine, mnakaa. Mikoko huku, mikoko huku, tope chini. Mtoto analia, mwenye kuku anawamwagia maji wasife kwa jua, na kila mmoja anatazama alama ya maji kwenye mizizi kana kwamba kuitazama kutaipandisha.

Siku moja nilikaa hapo zaidi ya saa mbili nikielekea kwenye kikao cha kukusanya maoni ya wananchi. Tulipofika, wenye kikao walikuwa washafunga madaftari yao, maana na wao walikuwa wakiyawahi maji ya kurudi. Orodha ya mahudhurio ilikuwa na majina ya kutosha, sijui ya kina nani. Ami mmoja aliyekuwa amekaa pale jetini akishona jarife lake la kuvulia alinicheka: "Hawa, mwanangu, huja na kalamu. Hawaji na maji."

Maneno yake hunirudia kila ninaposikia habari za kupitia upya mipaka ya wadi na maeneo bunge. Kazi yenyewe imechelewa. Katiba ya 2010, kifungu cha 89, inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka isiyopungua minane na isiyozidi kumi na miwili. Mipaka tuliyo nayo ilitangazwa Machi 2012, kwa hiyo muda ulikwisha Machi 2024, na wakati huo Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka haikuwa na makamishna. Wapya waliapishwa Julai 2025. Kabla au baada ya uchaguzi wa 2027, ramani itakunjuliwa mezani, na ikikunjuliwa, sisi wa Lamu Mashariki tutakuwa wa kwanza kuwekewa kalamu nyekundu.

Sababu ni hesabu, na afadhali tuitazame wenyewe kabla hatujatazamishwa. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Ukigawanya kwa maeneo bunge 290 unapata watu 164,015 kwa kila moja. Kaunti nzima ya Lamu, pamoja na Mpeketoni, Witu, Hindi na Amu yenyewe, ilikuwa na watu 143,920. Yaani sote hatutoshi eneo bunge moja la wastani, nasi tuna mawili, Mashariki na Magharibi. Shuka kwenye wadi, mambo yanazidi kuwa magumu. Wadi ni 1,450, wastani ni watu 32,803. Lamu Mashariki ilikuwa na watu 22,258, ambao wana mbunge wao na wawakilishi wadi watatu: wa Faza, wa Kiunga na wa Basuba. Eneo bunge zima halijai wadi moja.

Katiba inaruhusu kupungua au kuzidi wastani kwa asilimia 30, na kwa miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache kwa asilimia 40. Toa hiyo 40 yote: wadi ndogo kabisa inayokubalika ni ya watu wasiopungua 19,682. Kwa hesabu hiyo Faza, Kiunga na Basuba zikiunganishwa zinapita kwa shida kuwa wadi moja. Mwakilishi mmoja, kutoka Mtangawanda kisiwani Pate hadi mpaka wa Somalia.

Kilichotuokoa safari iliyopita si hoja zetu. Katiba mpya ilipopita, masharti yake ya mpito yalisema hakuna eneo bunge litakalofutwa katika mapitio ya kwanza. Maeneo bunge 27 yaliyokuwa hayajatimiza idadi yalihifadhiwa hivyo, na letu lilikuwamo. Ulinzi huo ulikuwa wa mara moja. Nawasikia watu barazani wakisema "sisi tunalindwa na Katiba", nami hujiuliza wameisoma Katiba ipi.

Sasa nitasema jambo ambalo litaniudhia marafiki. Tukilazimika kupoteza kitu, tupoteze kiti cha ubunge. Tusipoteze wadi.

Najua mbunge ana heshima yake, na ana fungu la NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ambalo kila eneo bunge hulipata, lililosomesha watoto wengi wa visiwani. Silidharau. Lakini hata mfuko huo Mahakama Kuu ilikwisha kusema, Septemba 2024, kwamba sheria yake haiendani na Katiba, kwa hiyo anayejenga hoja juu yake anajenga juu ya mchanga unaoliwa na mkondo. Tazama mambo yanayotuumiza kila siku ni ya nani. Zahanati isiyo na dawa ni ya kaunti. Boti ya wagonjwa iliyolala juu ya gogo ikingoja spea ni ya kaunti. Chekechea, maji ya kunywa, jeti na vivuko vya ndani, barafu na soko la samaki, vyote vimo katika majukumu ya kaunti. Anayeinuka katika bunge la kaunti kuuliza boti iko wapi ni mwakilishi wadi. Mama mwenye uchungu wa uzazi Kizingitini usiku wa maji mafu, yale yasiyojaa sana, hahitaji mtu wa kumsemea Nairobi. Anahitaji mtu aliyelala jirani, anayemjua nahodha, na mwenye namba ya simu ya afisa wa afya.

Tena namba 290 imo ndani ya Katiba yenyewe. Kuigusa kunahitaji safari ndefu, na tuliona jinsi jaribio la BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba, la kuongeza maeneo bunge 70 lilivyozama mahakamani, mara ya mwisho Machi 2022. Idadi ya wadi haikupigiliwa misumari mle. Hiyo 1,450 imewekwa na Sheria ya Serikali za Kaunti, na Bunge likitaka laweza kuibadilisha. Sehemu ngumu ni ile asilimia 40, ambayo nayo ni ya Katiba. Hapo ndipo mawakili wetu wakeshe, kwa sababu kifungu kilekile kinachotaja idadi ya watu kinaiambia Tume pia itazame maumbile ya nchi, uhusiano wa watu kihistoria, kiuchumi na kitamaduni, na njia za mawasiliano. Aliyekiandika alijua kwamba watu hawakupangwa nchini kama magunia ghalani.

Na historia tunayo, mpaka inatulemea. Wadi ya Faza inabeba miji ya kisiwa cha Pate: Faza yenyewe, Siyu, Pate, Tchundwa, Mbwajumwali, Kizingitini. Kwenye ramani ya ofisini ni kisiwa kimoja, kidogo, hakuna la kujadili. Waulize wenyewe. Pate, Siyu na Faza zilikuwa nchi zilizopigana vita kabla Kenya haijawa na jina, na Siyu ya kina Mataka, watawala wake wa zamani, ilimkatalia Sultani wa Unguja. Mpaka leo mtu wa Siyu akiambiwa mradi "umepelekwa Faza", haoni kama amepewa kitu. Sisemi turudi kwenye mapanga. Nasema ikiwa kuna mahali palipostahili wadi mbili kwa sababu ya historia na mawasiliano, basi ni hapa, na tusione haya kuliandika hilo kwenye memoranda yetu, hata kama wenye kalamu watacheka.

Basuba ndiyo inayoninyima usingizi.

Wadi hii ni ya msituni, baina ya hifadhi za Boni na Dodori. Basuba, Milimani, Mangai, Mararani, Kiangwe: vijiji vya Waboni, au Waaweer kama wanavyojiita, watu wa asali, mizizi na mawindo waliozuiwa kuwinda na wakaambiwa walime mahali ambapo tembo na nyati hula kwanza. Ni miongoni mwa wadi zenye wapiga kura wachache kuliko zote nchini, na kila baada ya uchaguzi magazeti huandika habari yake kama kichekesho: tazama, huyu kapita kwa kura ambazo kwingine hazimpi mtu hata uwakala wa kituo.

Kichekesho hicho kina chanzo. Tangu 2014 msitu ule umekuwa uwanja wa vita baina ya al-Shabaab na vikosi vya serikali, na Septemba 2015 ikaanza Operesheni Linda Boni. Shule zilifungwa kwa miaka, walimu na wauguzi wakaondoka, na njia zikategwa mabomu. Familia zilizoweza kuhama zilihama. Sensa ya 2019 iliwahesabu waliobaki. Kuifuta wadi kwa sababu ya namba hiyo ni kumwambia mtu aliyefukuzwa kwake kwamba, kwa kuwa hakuonekana nyumbani siku ya kuhesabiwa, nyumba si yake tena. Kabla Tume haijauliza Basuba ina watu wangapi, iulize ingekuwa na wangapi kama serikali ingeulinda msitu ule.

Wapo wanaosema dawa ipo: viti vya kuteuliwa katika bunge la kaunti, ambavyo Katiba imevitengea makundi yaliyosahauliwa. Mboni mmoja ateuliwe, yaishe. Mimi siafiki. Mteuliwa hutoka kwenye orodha ya chama, na mwenye orodha ndiye mwenye mtu. Anayepigiwa kura Mangai atarudi Mangai, atake asitake, kwa sababu atazihitaji tena kura zilezile chache. Uchache wake ndio unaomfunga, maana kila nyumba inajua ilimpa nani.

Upande wa pili nao una haki yake, na siwezi kuupita kimya. Kati ya sensa ya 2009 na ya 2019, Lamu Magharibi ilitoka watu 82,698 ikafika 121,662. Sisi Mashariki tulitoka 18,841 tu tukafika 22,258. Kule wana wadi saba, kila mwakilishi anabeba watu wapatao 17,380. Kwetu kila mmoja anabeba 7,419. Na hao wa Magharibi bado wana nafuu ukiwalinganisha na Nairobi, ambako wadi 85 ziligawana watu 4,397,073, zaidi ya elfu hamsini kwa kila mwakilishi. Kijana wa Hindi ambaye ameona bandari ikifunguliwa pale Kililana mwaka 2021, na jirani wapya wakimjia kila mwezi, ana haki ya kuuliza kwa nini sauti yangu ni zaidi ya mbili zake.

Jibu linalopendwa barazani ni "hao ni wageni". Sitaki kulisikia. Mtu aliyezaliwa Mpeketoni, akazaa Mpeketoni, si mgeni wa mtu. Jibu langu kwake ni kwamba tudai pamoja: wadi moja zaidi kwa Hindi, ambako watu wanaongezeka, na wadi zetu tatu zibaki kwa sababu za maji na msitu. Tukigombana sisi kwa sisi, atakayefurahi ni mtu wa mbali anayetafuta wadi za kupunguza ili aongeze kwao. Na kiti kile cha ubunge ndicho nilichosema niko tayari kukiweka mezani. Asiyeweka kitu mezani hasikilizwi.

Mwaka 2012 wengi walingoja mipaka itangazwe ndipo wakakimbilia Mahakama Kuu, na Katiba inatoa siku thelathini tu za kupinga. Siku thelathini, ukitoa za maji mafu na za kusi, upepo mkali wa kusini, ni chache. Afadhali tuandae ushahidi sasa, na ushahidi wenyewe usiwe hotuba. Tume itakuja na idadi ya watu na kilomita. Kilomita za baharini ni uongo: safari ileile huwa saa moja na nusu maji yakijaa, na huwa siku nzima yakipwa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, unapita Mkanda ukiimba, siku saba baadaye unazunguka kwa nje, na kusi ikivuma huko nje hupiti na mwanamke mjamzito.

Kwa hiyo nimenunua daftari. Nimewagawia manahodha watatu namba yangu, na kila safari naandika tarehe, saa ya kuondoka, saa ya kufika, hali ya maji, tumekwama wapi na kwa muda gani, na kama kulikuwa na mgonjwa ndani. Nauli pia, na bei ya petroli. Mwenzangu wa Kiunga ameahidi kuanza daftari lake. Wa Basuba bado sijampata, mtandao kule ni wa kubahatisha, lakini nimetuma salamu kwa wanaokwenda na asali Amu.

Ukurasa wa jana unasema hivi: kuondoka Amu saa nne na robo asubuhi, abiria kumi na tisa, maji yanapwa. Mkanda, saa nne na dakika hamsini, tumekaa. Saa saba na nusu, tunaondoka. Faza, saa tisa kasorobo. Ofisi zishafungwa.