Jina Utapata, Hela Baadaye

Mteja wangu mmoja alitaka nembo. “Kakazi kadogo tu,” akasema, “na jina lako litasambaa.” Faili la mwisho nililomtumia liliitwa nembo_mwisho_kabisa_7. Hiyo saba si mbwembwe: mara saba nilibadilisha rangi, na mara ya saba akairudia ile ya kwanza. Hela yake ilichukua miezi minne kufika, tena nusu.

Kwa niliyoyaona, kinachomwangusha msanii si kipato kidogo bali kipato kisichotabirika. Mwezi huu simu haipoi, miezi mitatu inayofuata kimya, na mwenye nyumba hajui habari za misimu. Kwa hiyo nikisikia chipukizi akiambiwa “fuata ndoto yako, pesa zitakuja”, huwa najiuliza huyo mshauri analipwa mshahara wapi.

Ufaransa walishaliona hili. Msanii wa jukwaani au fundi wa filamu akifikisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12, hulipwa posho kwa siku anazokaa bila kazi. Ireland nao walianza jaribio mwaka 2022: wasanii 2,000, euro 325 kila wiki, kwa miaka mitatu. Si utajiri. Ila hilo “kila wiki” ndilo lenye uzito.

Wengi wetu hatuna serikali ya namna hiyo, basi tunajibana wenyewe. Siku hizi siwashi kompyuta kabla nusu ya malipo haijaingia. Marekebisho ni mawili. La tatu unalipia. Ila panapovuja zaidi ni kwenye hakimiliki. Kuuza mchoro ni jambo moja, kuuza haki ya kuutumia ni jingine. Aliyelipia bango hajalipia fulana, kalenda wala tangazo la televisheni. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki ulioanzia 1886, leo unamlinda mtunzi hata kama hajasajili kazi yake popote. Halafu mtu anatia sahihi chini ya maneno “haki zote” bila kusoma, kwa sababu ana njaa. (Nimewahi kuwa mtu huyo.)

Kazi ya pembeni nayo tumeifanya aibu bure. Mwaka 1976 opera ya mtunzi wa muziki Philip Glass iliujaza ukumbi wa Metropolitan Opera jijini New York, naye baada ya hapo akarudi kuendesha teksi. Sijasikia mtu akisema muziki wake uliharibika kwa sababu ya usukani.

Mimi nafundisha kuchora siku mbili kwa wiki. Malipo yake hayatishi, lakini yanaingia tarehe ile ile, na tangu nianze nimepata ubavu wa kusema hapana. Yule wa nembo alinitafuta tena mwaka jana, anataka mpya. Nikamtumia ankara ya nusu ya kwanza. Ameisoma, hajajibu.