Goti kwanza au kichwa kwanza? Kikao cha goti la pili la mama mdogo

Familia yetu imegawanyika na chanzo ni goti. Mama mdogo anaishi Mikindani, mwaka jana alibadilishiwa goti la kushoto Dar, sasa la kulia nalo limesagika hadi akinyanyuka kwenye mkeka unalisikia linavyolia, na safari hii dokta kasema hafanyi oparesheni mpaka mama atibiwe sonona kwanza, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, atumie dawa na aende ushauri nasaha wiki sita mpaka nane halafu ndo arudi. Mjomba kawaka. Na kama unazijua familia za Kimakonde unajua mjomba akishawaka kikao kimeisha. "Mtu analia goti we unampa vidonge vya kichwa? Mtoeni goti aache kulia."

Mimi sio dokta ila nimelitafakari sana hili jambo na kusema ukweli mjomba hajakosea kama watu wanavyomchukulia. Maumivu ya miaka yanamla mtu. Usiku hulali, harusi huendi, unaswali kwenye kiti, msimu wa korosho wenzio wako shambani wanaokota we uko barazani unahesabu bodaboda zinazopita, sasa hapo sonona ikija utaulizaje imetoka wapi? Na ni kweli kabisa wapo wengi walioingia oparesheni wakiwa na sonona, maumivu yakapungua na moyo nao ukafunguka. Halafu kusubiri nako kuna gharama yake, msuli wa paja unanyauka kila wiki unayokaa, na paja likinyauka mazoezi ya baadaye ni vita.

Kuna kingine ambacho mjomba hakukisema ila mi nakiogopa zaidi. Hii "atibiwe kichwa kwanza" inaweza ikawa njia ya kumfukuza mtu kistaarabu. Mtu akishawahi kupita Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili Dodoma, hata mara moja jina halimtoki, akienda na nyonga inaumwa anaambiwa ni mawazo tu, wakati anakunywa dawa zake vizuri miaka na miaka, katulia kuliko hata sisi tunaomsema. Huyo ana haki ya nyonga mpya kama mtu mwingine yeyote.

Ila sasa lile goti la kwanza.

Kabla ya lile goti hakuna aliyemuuliza mama mdogo analalaje wala anakulaje, na sisi ndugu tulijua na tukakaa kimya. Alikuwa na vidonge vya sonona, amitriptilini, tangu afiwe na mumewe, siku ya kusafiri akaziacha nyumbani, na dokta alipouliza anatumia dawa gani tukasema ya presha basi. Tuliona aibu, dada wa watu aonekane kichaa mbele ya wageni. Kumbe hiyo aibu ni hatari, maana dawa za sonona nyingi zikikutana na tramadoli ya maumivu zinataka uangalizi, na anayetumia lithiamu, dawa nyingine ya magonjwa ya akili, akipewa diklofenaki ya maumivu kiholela lithiamu inaweza kupanda mwilini ikawa sumu. Dokta hawezi kuzuia asichokijua.

Usiku wa pili wodini akaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Shangazi akataka kisomo hapo hapo, akisema ni majini ya upande wa baba. Nesi akaja taratibu, akagundua mama kabana mkojo na maji hajanywa tangu mchana, wakashughulikia, tukamrudishia miwani yake, siku mbili baadaye katulia kabisa. Kule kuchanganyikiwa kwa ghafla baada ya oparesheni kunawapata wazee wengi, kunakuja na kuondoka, usiku kunazidi, na sio ukichaa.

Shida kubwa ilikuja nyumbani. Tulimpokea stendi baada ya kilomita zaidi ya 550 za basi, kavimba mguu, hataki kuongea. Fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuwa kamwandikia mazoezi ya kukunja na kunyoosha kila siku, yeye kageukia ukutani. Anasema kesho. Kesho yake anasema kesho. Mjomba kwa huruma yake akaleta mto wa sufi, mzuri, akauweka chini ya goti alale raha. Wiki ya sita fizio alipokuja kumwona alisimama mlangoni akauangalia ule mto kama mtu kaona nyoka, goti lilikuwa limezoea kukaa limepinda, kulinyoosha haliwezi na kulikunja halifiki nyuzi 90. Zikaja wiki nyingi za kilio kurudisha tulichopoteza juu ya mto.

Ndo maana nasema dokta ana hoja nzito. Chuma na plastiki yenyewe inawekwa kwa saa moja na nusu, saa mbili hivi, ila goti lenyewe mgonjwa ndo analitengeneza miezi inayofuata, na sonona inaiba hasa kile kitu cha kulitengenezea, yaani ile nguvu ya kuamka na kurudia jambo linalouma. Nchi zilizofanya hesabu zinakuta karibu mtu mmoja kati ya watano waliobadilishwa goti haridhiki, eksirei safi lakini yeye bado analalamika, na sonona kabla ya oparesheni ni moja ya vitu vinavyoongeza uwezekano huo.

Ingekuwa bibi kaanguka kavunja shingo ya paja ningesema apasuliwe haraka, kichwa kitibiwe huku huku, maana kumlaza kunamuua. Goti lililosagika linaweza kusubiri miezi miwili. Ninapogombana na dokta ni pale aliposema "akipona arudi". Akipona lini? Nani anapima? Kusubiri kusikokuwa na tarehe ni kukataliwa tu, kwa hiyo tulirudi tukamwomba aandike tarehe, akaandika, na siku hizi hospitali ya kanda iko hapo Mitengo jirani, kliniki sio safari ya kulala njiani. Dawa zake zote tumeziorodhesha kwenye karatasi, hamna kuficha tena. Fundi naye anatengeneza kiti cha choo cha mbao maana choo chetu ni cha kuchuchumaa.

Mjomba bado kanuna.

Juzi nikakumbuka kikao chote kile hakuna aliyemuuliza mama mdogo mwenyewe. Nikaenda, nikamkuta barazani anachambua mchicha, vidonge ana wiki ya tatu. Akasema usiku kalala mpaka adhana ya alfajiri, hakumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Halafu akanituma chumbani nichukue ule mto wa sufi nimrudishie mjomba.