HGE au HGK: ugomvi wa herufi moja

Kaka yangu alinipigia simu saa nne usiku, na hakuuliza hali. "Wewe ndiye uliyemtia huyu mtoto maneno ya Kiswahili?"

Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka, na dirisha la kubadilisha tahasusi, yaani yale masomo matatu ya kidato cha tano na cha sita, lilikuwa limefunguliwa. Binti yake alijaza HGE kwenye Selform, ile fomu ya machaguo, akiwa bado shuleni, kama baba yake alivyotaka. Sasa alikuwa anataka kuibadilisha iwe HGK. Historia na Jiografia hazina ugomvi nyumbani kwao. Ugomvi wote uko kwenye herufi ya tatu: E ya Uchumi au K ya Kiswahili.

Hoja ya kaka mnaijua, mmeisikia kwa baba zenu na huenda nanyi mmeshaitoa kwa watoto wenu. Kiswahili mtoto anakijua tangu azaliwe, sasa shule ataenda kufundishwa nini? Uchumi una benki, una mamlaka ya mapato, una ofisi zenye viyoyozi. Ukimtajia mtu kwamba mwanao anasoma HGE, anaitikia kwa heshima. Ukisema HGK, anauliza alipata ngapi hesabu.

Kwa kuwa nimeshutumiwa, acha nijieleze. Sikumtia maneno. Ila nina maoni, na nayatoa nikiwa mtu aliyesoma HGE.

Niliisoma kwa sababu mwalimu mmoja alisimama mbele yetu akatangaza kwamba wenye akili waende E na waliobaki waende K. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nani angetaka kuwa "waliobaki"? Nikaingia. Miaka miwili nikachora mikunjo ya mahitaji na ugavi bila kuipenda hata siku moja, na juu yake nikabeba BAM, ile hesabu ya ziada ambayo HGE hukosi na HGK haikuhusu. Mwisho wa safari: Historia C, Jiografia C, Uchumi E. Pointi kumi na moja, daraja la pili. Wazazi walifurahi. Mimi nilijua ile E niliipata kwa kukremu majibu ya mitihani ya nyuma, na wiki moja baada ya pepa sikukumbuka hata nusu yake.

Sisemi Uchumi ni somo baya. Nasema nililichagua kwa sababu ya jina, na jina halikai na wewe prepo usiku.

Lakini upande wa pili nao una uongo wake, na huu unaniudhi zaidi kwa sababu unasemwa na wanaojiona wapenzi wa lugha. Wanafunzi wengi wanakimbilia K si kwa kuipenda, bali kwa kukimbia hesabu. Wanaiona kama kivuli cha mwembe: nitakaa pale, nitapumzika, lugha si yetu? Kisha anaingia darasani, mwalimu anaanza na fonolojia, mofolojia, sintaksia, ngeli za majina, uchanganuzi wa sentensi kwa matawi, na mtoto wa watu anashangaa kwamba lugha aliyotongozea na kutukania ina viungo vya ndani asivyowahi kuviona. Kuna pepa nzima ya fasihi pia, na huko hutoboi kwa kusimulia hadithi ilivyokwenda. Kuongea Kiswahili hakukupi alama za Kiswahili, kama vile kutembea kwa miguu hakumfanyi mtu kuwa daktari wa mifupa.

Na L je? Kwa wanaofikiria HGL ni hivyo hivyo. Kiingereza cha kidato cha tano si kozi ya kujifunza kuongea. Ni sauti, maumbo ya maneno, sarufi na fasihi. Anayekwenda pale ili "kunyoosha ung'eng'e" atanyooka yeye.

Jumapili moja binti alikuja kwangu. Shikamoo, marahaba, chai. Nikamwambia leo hatubishani, tunafanya maswali mawili. Sikutaka kujua anachoweza, maana matokeo yake yalikuwa yameshasema kwamba anaweza vyote: B ya Kiswahili, C ya hesabu. Nilitaka kumtazama tu.

Swali la kwanza la Uchumi. Bei ya kilo ya sukari imepanda kutoka shilingi 2,500 hadi 3,000. Duka lililokuwa likiuza kilo 100 kwa siku sasa linauza 92. Je, mahitaji yanaitikia bei kwa kiasi gani? Akachukua kalamu. Bei imepanda asilimia 20, mahitaji yameshuka asilimia 8, nane kwa ishirini ni 0.4. Chini ya moja, kwa hiyo watu hawaachi sukari kwa urahisi. Hakutumia hata dakika tatu. Sahihi kabisa. Akasukuma karatasi. "Haya Shangazi, lingine."

Swali la pili: changanua neno *hatukupigiwa*. Akaandika ha-, tu-, ku-, -pig-, -i-, -w-, -a. Ukanushi, nafsi ya kwanza wingi, wakati uliopita, mzizi, kutendea, kutendwa, kiishio. Hapa na pale alisita, kwenye ile -i- akafuta mara mbili. Alipomaliza, nikanyoosha mkono kuchukua karatasi. Hakuiachia.

"Shangazi, subiri. Hii *ku* hapa ni ya wakati. Mbona kwenye *alikupiga* ni mtu?"

Nikamwambia ndiyo, pale ni mtendwa, nafsi ya pili.

"Na kwenye *kupiga* peke yake?"

Pale inafanya kitenzi kiwe kama jina.

Akakaa kimya, kijiko kwenye kikombe. "Na *kule kuzuri*?"

Hiyo ya mahali. Zikawa nne. Akageuza karatasi akaanza kuziorodhesha, akatafuta ya tano, akanigombeza kwamba naharakisha. Chai ikapoa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu, na ndilo ningempa kila mzazi anayenipigia saa nne usiku. Swali la sukari lilijibiwa likaisha. Swali la *hatukupigiwa* lilijibiwa likazaa mengine matatu. Mtoto mwingine angefanya kinyume: angemaliza viambishi kwa kutimiza wajibu, halafu aniulize kwa nini chumvi isiwe kama sukari, na nini kinatokea bei ikipanda halafu mshahara nao ukapanda. Huyo apelekwe E hata kama anaandika mashairi. Tunawauliza watoto wanaweza somo gani, wakati mwenye akili kiasi anaweza yote kwa miezi mitatu. Kidato cha tano na cha sita ni miaka miwili ya kukaa na kitu baada ya jibu kupatikana.

Sasa turudi kwa kaka, maana si mjinga, na ana hoja moja ambayo sitaipaka rangi. Ajira. Anayesoma Kiswahili wengi humwona mwalimu, na walimu wa masomo ya sanaa wanasubiri ajira serikalini muda mrefu, huku wenzao wa sayansi wakipewa kipaumbele. Hilo ni kweli na linauma. Ninachokataa ni ile picha kwamba herufi E inafungua milango ambayo K imeifunga.

Vyuo havisomi herufi, vinasoma vigezo. Tume ya Vyuo Vikuu hutoa mwongozo wa udahili ambao uko wazi kwa kila mtu, na ndani yake kila kozi imeandikiwa masharti yake. Kimsingi unatakiwa ufaulu mkuu wa masomo mawili, yaani kuanzia A hadi E, yenye jumla isiyopungua pointi nne, ambapo A ni tano na E ni moja, kinyume na pointi za daraja, ambako A ni moja na E ni tano. Tazama hesabu hiyo vizuri. E yangu ya Uchumi ilikuwa na thamani ya pointi moja. Historia na Jiografia ndizo zilizonibeba, na zingenibeba vilevile kama herufi ya tatu ingekuwa K. Kozi za biashara, ambazo kaka anazilenga, nyingi hukaza kwenye hesabu: ulipata nini hesabu ya kidato cha nne, au una BAM. Binti ana C yake ya hesabu tayari mfukoni.

Upande wa pili kuna mlango ambao ukiuacha sasa kuurudia ni kazi. Ukitaka kufundisha somo sekondari kwa shahada ya ualimu, unatakiwa uwe umelifaulu kidato cha sita. Hata shahada za isimu na fasihi zinataka lugha kwenye cheti. Uchumi wa utangulizi utaukuta kwenye mwaka wa kwanza wa kozi chungu nzima, unaanzishwa tangu mwanzo kana kwamba hujawahi kuusikia. Sijawahi kuona chuo kinachomfundisha mtu ngeli tangu mwanzo akiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya Kiswahili.

Kuna hoja nyingine hutolewa upande wa K ambayo siitumii, na nilimwambia binti asiitumie kwa baba yake: eti Kiswahili kimekuwa cha dunia. Ni kweli SADC ilikifanya lugha rasmi mwaka 2019, mwaka 2021 UNESCO ikatenga Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani, Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha ya kazi Februari 2022. Nafurahi kama wengine. Lakini hotuba za Julai 7 hazilipi kodi ya nyumba. Wakalimani wanaohitajika kwenye mikutano ile ni wachache, na hakuna hata mmoja anayeingia kwa Kiswahili peke yake. Anahitaji lugha ya pili aliyoiva nayo, na mara nyingi ya tatu. Ukitaka kwenda njia hiyo, basi usikae HGK, angalia KLF: Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Burundi wako pale, na mtu anayesikia Kifaransa na kukigeuza Kiswahili kizuri ana kitu cha kuuza. Lakini Kifaransa huanzi kidato cha tano. Kama hukukisoma huko chini, mlango huo umeshafungwa, na hapo ndipo ninapowalaumu wanaoona lugha kama somo la kuongezea.

Tahasusi zenyewe siku hizi ni nyingi. Mwaka 2024 zilifika 65, na 49 kati ya hizo zilikuwa mpya, kuna hadi za Kiarabu na Kichina. Mzazi akisoma orodha ile kizunguzungu kinampata, anarudi kwenye zile tatu anazozijua tangu enzi zake. Simlaumu. Kuwepo kwenye orodha ni jambo moja, shule yenye mwalimu wa somo hilo ni jambo lingine, na huko ndiko ningewekeza simu zangu: kupigia mtu anayesoma shule hiyo sasa hivi na kumuuliza kama mwalimu yupo au jina lake tu ndilo lipo kwenye ratiba.

Nilimrudishia kaka simu siku ya pili, nikamweleza habari ya sukari na ya *ku* nne. Akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Akasema, "Kwa hiyo unataka mtoto wangu ale viambishi." Nikamwambia mimi nilikula E na bado nina njaa. Akacheka kidogo, akakata.

Dirisha lilipokaribia kufungwa nilimtumia binti ujumbe: umejaza nini mwishowe? Kimya mchana kutwa. Saa tatu usiku ukaja mstari mmoja:

"Si-ta-ku-amb-i-a."