Tuanze na kalvati, miche baadaye

Kuna uwanda wa tope nyuma ya barabara moja kaskazini mwa Pemba ambao nimeuona ukipandwa mikoko mara tatu. Mara zote nilikuwapo, na mara mbili za mwanzo ni mimi niliyesimama mbele ya watu kuwaonyesha namna ya kuuchomeka mche. Walikuja wanafunzi na sare zao, kina mama na kanga za shughuli, wageni na viatu vya mpira. Picha zikapigwa, miche ikahesabiwa, ripoti ikaandikwa. Ukipita pale miezi sita baadaye unakuta vijiti vikavu vimesimama safu kwa safu, vimeshikwa na chumvi nyeupe shingoni, na kamba ya kupimia nafasi bado imefungwa pale pale ilipofungwa siku ya sherehe.

Mara ya tatu alipita bibi mmoja akitokea kutanda uduvi, kitambaa begani, ndoo mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mwapanda tena?"

"Twapanda bibi."

Akaitua ndoo. "Hapa palikuwa na hori. Mume wangu, Mungu amrehemu, akiingiza kidau chake mpaka chini ya mwembe ule. Ilipopita barabara maji yakakatika. Nyinyi mwapanda miti ndani ya beseni."

Nilirudi kesho yake na fundi ujenzi wa kijijini na ule mpira wake mwembamba wa maji, anaotumia kupimia usawa wa msingi. Yeye akashika ncha moja kwenye mdomo wa kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, mimi nyingine kwenye kitanda cha hori la zamani, ule mkono wa bahari alioutaja bibi, tukasubiri maji yatulie. Mdomo wa bomba ulikuwa juu ya kitanda kwa kiasi cha kimo cha goti langu. Basi tena. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, ikijaa, maji yanaingia. Yakipwa, yaliyo chini ya mdomo ule hayana pa kutokea, yanabaki kupigwa na jua na chumvi inazidi kukolea. Siku za maji mafu, bahari inapopanda kidogo tu, haifiki kabisa. Masika ikija, beseni linajaa mvua na kukaa hivyo kwa wiki kadhaa.

Mkoko ni mti shupavu, lakini unapumua. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, hutoa vile vipumulio vyake, kama penseli zilizochomekwa topeni, kwa sababu ndani ya tope hakuna hewa. Bahari ikija na kuondoka, hakuna neno. Maji yakija yasiondoke, mti unakosa pumzi polepole, na mche uliopandwa juzi haufiki hata mbali huko. Bibi yule aliliona hilo kwa macho tu, na mimi mwenye shahada nilihitaji miche ife mara tatu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeshafundishwa. Wakati wa masomo nilipata nafasi ya kukaa msimu mmoja katika jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani, nikifuatana na wanabiolojia wanaorudisha makazi ya samaki aitwaye samoni. Huyu huzaliwa kwenye changarawe za mto wa maji baridi, hushuka baharini akakulia huko, kisha hurudi kwenye mto wake wa kuzaliwa ili atage. Nilidhani nitashinda nikihesabu samaki. Nikawakuta watu wamebeba futi na daftari, wanainama kalvati baada ya kalvati. Bomba limening'inia juu ya maji? Maji yanakwenda kasi kiasi gani ndani yake? Bomba likining'inia shubiri chache tu, samaki mdogo hapandi, hata kama juu yake kuna kilomita nyingi za mto mzuri.

Makalvati hayo yamefika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Makabila ya wenyeji wa huko yaliwekeana mikataba na serikali kati ya mwaka 1854 na 1856, yakatoa ardhi na kubakiza haki ya kuvua. Mwaka 2001 yakaenda mahakamani na hoja nyepesi kuielewa: haki ya kuvua ni ya nini ikiwa barabara za jimbo zimemzibia samaki njia? Mwaka 2018 majaji wakagawanyika wanne kwa wanne, na kwa hiyo hukumu ya chini ikasimama: jimbo liyatengeneze makalvati yake. Kila nikisikia mtu hapa kwetu akisema kalvati ni jambo la wahandisi tu, nawakumbuka wavuvi wale.

Tena kuna mto Elwha, katika jimbo hilohilo. Bwawa la kwanza lilijengwa kilomita kama 8 tu kutoka baharini mwanzoni mwa karne iliyopita, la pili likafuata juu yake mwaka 1927, na hakuna lililowekewa njia ya samaki. Kwa karibu miaka 100 samoni walifika ukutani na kuishia hapo. Kazi ya kuyavunja ilianza Septemba 2011 na kumalizika 2014. Samoni walionekana juu ya mahali pa bwawa la chini mwaka 2012, kazi ya bwawa la juu ikiwa bado inaendelea. Mchanga na changarawe zilizokuwa zimezuiwa zilishuka zikajenga upya ufukwe kwenye mdomo wa mto. Kabila la Lower Elwha Klallam, wenye mto wao, walijizuia kuvua kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2023 wakafungua uvuvi mdogo wa samoni aina ya coho. Huko nako walipanda miti kwenye sakafu za mabwawa yaliyokauka, tena mingi, na vifaranga vya samaki vilikuzwa. Sisemi hawakupanda. Nasema ukuta ulitangulia kuondoka.

Sisi hatuna samoni, lakini tuna kamba, ambao hutaga baharini na vichanga vyao huingia mikokoni kukua. Tuna changu wanaopitisha udogo wao kwenye mizizi na majani ya bahari kabla ya kuhamia mwambani. Wote wanahitaji mlango. Bomba moja lililokaa vibaya linafunga mlango huo siku 365 za mwaka, usiku na mchana, na hakuna doria inayolikamata.

Ilichukua masika mbili kupata bomba lile lishushwe. Barua zilikwenda, zikapotea, zikaandikwa upya. Barabara ilipoliwa na mvua ndipo mafundi walipokuja, na kwa kuwa tulikuwa tayari na vipimo vyetu, bomba jipya liliwekwa chini, na la pili ubavuni mwake. Vijana wa kijiji wakachimba kwa majembe mfereji wa hori la zamani, wakiufuata kwa maelezo ya bibi: hapa palipinda, hapa palikuwa na kina. Hatukupanda kitu. Mbegu za mchu ziliingia zenyewe na maji ya bamvua, bapa kama harage kubwa, zikanasa kwenye majani makavu kandokando ya mfereji na kuota. Haujawa msitu, miche mingi bado iko chini ya kiuno. Lakini iko hai, na imejipanga inavyotaka yenyewe.

Kwa nini basi twapenda kupanda? Kwa sababu mche unahesabika. Ukimwambia mfadhili miche elfu kadhaa, ameelewa. Ukimwambia tumeshusha bomba na kuchimba mfereji, anauliza mikoko iko wapi. Halafu mbegu ya mkoko wenyewe, aina ile yenye jina hilo hasa, ni ndefu kama kijiti, inaokotwa kirahisi na kuchomekwa kirahisi, kwa hiyo tunaipanda kila mahali, hata pale palipokuwa pa aina nyingine, mchu au mlilana. Mbaya zaidi ni kuipanda kwenye tope tupu la mbele, chini kabisa, ambako bahari haiondoki muda wa kutosha. Mikoko hukaa kuanzia usawa wa kati wa bahari kwenda juu, mpaka pale bamvua inapogusa. Chini ya hapo pamekuwa patupu kwa sababu zake, na si pa bure: ndipo kina mama wanapookota chaza na kombe. Kuna mahali pa kupanda, nakubali, pale ambapo miti ilikatwa yote na hakuna mti mama karibu wa kuleta mbegu. Hata hapo, kwanza tuangalie maji.

Gumu kwangu ni mpunga. Pemba ni kisiwa cha mabonde, na mabonde mengi yanayolimwa mpunga yanashukia kwenye mikoko. Bahari inapanda na kuingia mashambani, na mkulima aliyeona jani la mpunga likigeuka jekundu kwa chumvi hataki kusikia habari ya kuifungulia bahari njia. Anataka tuta, na ana haki. Mtoto wake anakula wali, hali vipumulio. Pale delta ya mto Skagit, Washington, ugomvi ni huo huo: wakulima wana matuta ya kuzuia bahari, na samoni wachanga wanahitaji vijito vya maji chumvi wakue humo. Penginepo wamefunga milango yenye boya, bahari ikifika kimo fulani mlango unajifunga.

Rai yangu ni kwamba tuta lisikate mdomo wa hori. Likikata mdomo ni fupi na rahisi, lakini mikoko yote ya nyuma yake inakufa, na tuta linabaki peke yake mbele ya mawimbi. Likipita juu, pembezoni ambapo mikoko inaishia na shamba linaanza, ni refu na gharama yake ni kubwa, ila mbele yake kuna miti ya kulivunjia bahari nguvu, na samaki wana mlango wao.

Bonde moja linaandaa tuta lake sasa hivi, na kamba imevutwa mdomoni mwa hori. Kikao na wakulima ni baada ya mavuno. Nitakwenda na fundi na mpira wake wa maji, na nimemwomba bibi wa uduvi tufuatane. Amesema atakuja, ila kikao kiwe siku za maji mafu, bamvua ana kazi.